Vimbunga kwa Majirani Zetu: Kwa Nini Paa Hung'oka na Nini Hulizuia

Katika muda wa miezi mitatu tu, pwani ya kaskazini ya Msumbiji ilipigwa na vimbunga vitatu. Chido kilitua Mecúfi, kusini ya mji wa Pemba, tarehe 15 Desemba 2024. Dikeledi kikafuata katika pwani ya Nampula tarehe 13 Januari 2025, na tarehe 10 Machi 2025 kikaja Jude, ambacho kilitua Mossuril katika jimbo lile lile. Watu ambao walikuwa hawajamaliza kupigilia bati la kwanza walilipoteza la pili, na wengine la tatu. Jambo hilo linatuhusu sisi tulio kaskazini ya Mto Ruvuma kwa sababu mbili. Kwanza, watu wale ni ndugu zetu, na askari wetu wamewahi kuishi nao zaidi ya mara moja. Hivi karibuni kati ya mwaka 2021 na 2024 walikuwa Cabo Delgado pamoja na askari wengine wa nchi za SADC. Pili, upepo uliowapata wao unatafuta njia ya kuja kwetu, kama tutakavyoona.

Inafaa kwanza tutenganishe pepo mbili ambazo lugha yetu huzichanganya katika neno moja la kimbunga. Ipo tonado, na ipo tufani ya baharini. Tonado ni mnara wa upepo unaozunguka, ulioning'inia kutoka katika wingu la radi hadi ardhini. Upana wake kwa kawaida ni mita mia chache, nao huishi dakika chache tu. Lakini katika dakika hizo huweza kuwa na kasi isiyofikiwa na upepo mwingine wowote wa dunia hii. Chamchela ambayo watoto wetu huikimbiza uwanjani wakati wa kiangazi haina undugu nayo, maana chamchela huzaliwa na joto la ardhi siku ya jua kali, wala haina wingu la mvua juu yake. Tufani ni mnyama wa namna nyingine kabisa. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, upana wake huwa mamia ya kilomita, huishi siku nyingi, na huja na maji pamoja na upepo. Mwaka 2023 Freddy kilidumu kwa zaidi ya majuma matano. Kilipita Madagaska, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini, kisha kikaingia Msumbiji mara ya pili na kwenda kuwaua watu wengi mno katika nchi ya Malawi, hasa Blantyre, ambako vilima viliporomoka juu ya nyumba usiku.

Wengi hudhani kwamba tonado ni jambo la Marekani peke yake. Sivyo. Afrika Kusini huzipata. Tarehe 15 Desemba 1998 tonado ilipiga mji wa Umtata, ambao leo huandikwa Mthatha, wakati Rais Nelson Mandela alipokuwa ndani ya duka la dawa. Walinzi wake walimlaza chini na kulala juu yake mpaka upepo ulipopita, naye hakudhurika, ingawa mjini walikufa watu. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu walinzi wale walitenda lililo sahihi, pasipo muda wa kufikiri. Dhidi ya tonado hakuna kukimbia. Huingia mtu katika chumba kidogo cha katikati ya nyumba, kisicho na dirisha, chini kabisa, akalala na kufunika kichwa. Aliye nje na asiye na nyumba karibu hulala katika shimo au mtaro wa chini, mbali na magari na miti. Hema na gari si mahali pa kujificha hata kidogo. Askari aliye kambini na alijue hilo mapema, kwa maana turubai ni kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Tufani, kwa bahati, hutoa taarifa. Huonekana katika picha za satelaiti siku kadhaa kabla, hupewa jina, na njia yake hukadiriwa. Basi kwa nini huua watu wengi namna ile? Jibu moja ni maji. Jibu jingine, ambalo ndilo tunalotaka kulikalia leo, ni paa.

Chukua mfano wa Idai. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kilitua karibu na Beira kikiwa na upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa. Beira ni mji wa bandari uliojengwa juu ya ardhi ya chini, yenye asili ya vinamasi, kando ya mdomo wa Mto Pungwe. Bahari ilipanda juu ya mji, na siku zilizofuata Mto Pungwe na Mto Buzi ilifurika hata mabonde yake yakawa kama bahari nyingine katikati ya nchi kavu. Watu waliketi juu ya mapaa na juu ya miti wakingoja boti. Katika Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya watu 600, na wengine mamia katika Zimbabwe, hasa wilaya ya Chimanimani, na vile vile Malawi. Ndege za jeshi la Afrika Kusini ziliokota watu majini. Meli za jeshi la wanamaji la India zilizokuwa karibu ziliingia Beira kusaidia. Na ndege ya Jeshi letu la Wananchi ilipeleka dawa na chakula. Lakini hebu tuangalie yaliyotokea kabla ya boti na ndege kufika. Usiku ule wa kwanza, nyumba nyingi za mji ziliachwa bila paa, na hata hospitali kuu ya Beira ilipoteza sehemu za paa lake. Mtu aliyepoteza paa saa nane usiku hutoka nje, na huko nje mabati ya jirani yanaruka. Bati lililochomoka ni panga lisilo na mshikaji.

Juma la sita baada ya Idai kilikuja Kenneth. Tarehe 25 Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado, kaskazini ya Pemba, kikiwa na upepo wa kiasi cha kilomita 220 kwa saa. Haikuwahi kurekodiwa tufani yenye nguvu hiyo kutua mahali pa kaskazini namna ile katika Msumbiji, na Mtwara iliwekwa katika hali ya tahadhari. Katika kisiwa cha Ibo ilikadiriwa kwamba nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika.

Tukiuliza fundi wa kijiji kwa nini paa liling'oka, atasema kwamba upepo ulilisukuma. Si kweli, au ni nusu ya kweli. Upepo hulinyonya. Upepo unapogonga ukuta hulazimika kupanda juu na kuruka mgongo wa nyumba, na katika kuruka huko huongeza mwendo, na hewa yenye mwendo mkubwa hupunguza mgandamizo wake. Hivyo juu ya bati mgandamizo hushuka, wakati ndani ya nyumba hewa ingali na mgandamizo wake wa kawaida. Paa huvutwa kwenda juu. Na kama dirisha au mlango wa upande wa upepo umevunjika, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka chini pia. Hapo paa lina maadui wawili, mmoja juu anayevuta na mmoja chini anayesukuma. Ndiyo maana ule ushauri wa zamani, kwamba mtu afungue madirisha ili nyumba ipumue, ni ushauri mbaya ambao umekwisha bomoa nyumba nyingi. Madirisha hufungwa, tena huzibwa kwa mbao.

Jambo la pili ambalo fundi hana budi kulifahamu ni hesabu ya nguvu. Nguvu ya upepo haikui sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Upepo wa kilomita 90 kwa saa, ambao huangusha matawi na kutisha watoto, hukandamiza ukuta kwa kiasi cha kilo 40 katika kila mita ya mraba. Upepo wa kilomita 180 kwa saa haukandamizi kilo 80 bali kiasi cha kilo 150 na ushei. Sasa chukua chumba kimoja chenye mita nne kwa tano. Juu yake zipo mita 20 za mraba za paa. Zikinyonywa kwa kiasi hicho, paa hilo linavutwa juu kwa nguvu ya tani tatu, ambayo inazidi uzito wa gari la Landrova. Bati lenyewe halifiki hata kilo tano kwa mita ya mraba. Kwa hiyo aliyetegemea uzito wa bati, au mawe machache na matairi yaliyowekwa juu yake, hajategemea kitu. Na katika pembe na kingo za paa mnyonyo huwa mkubwa kuliko katikati, wakati mwingine mara mbili. Ndiyo sababu tunaona bati la pembeni linaanza kupiga makofi, linajikunja, na mengine yote yanafuata kama kurasa za kitabu.

Hapo ndipo linapokuja suala la mnyororo. Nyumba inayostahimili upepo si lazima iwe ya gharama kubwa, lakini ni lazima kila kipande kifungwe kwa kinachofuata. Bati hufungwa katika zile mbao nyembamba ambazo mafundi huziita papi. Papi hufungwa katika kenchi. Kenchi hufungwa katika mkanda wa zege ulio juu ya ukuta. Mkanda hushikwa na nguzo zenye nondo. Na nguzo hushikwa na msingi ulio ardhini. Tani tatu zile lazima zisafiri kupitia vyote hivyo mpaka zifike chini. Pete moja ikiwa dhaifu, nguvu ya pete nyingine haina maana. Askari anajua kwamba mnyororo wa nanga hukatika mahali pamoja tu.

Na pete dhaifu, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, ni ile inayounganisha kenchi na ukuta. Mara nyingi kenchi huwekwa juu ya ukuta na kupigwa msumari mmoja wa mshazari, au kuzungushiwa kipande cha waya mwembamba uliobaki katika kazi ya nondo. Msumari mnyoofu uliopigwa kwenda chini hushikilia vizuri mzigo unaokandamiza, lakini mzigo unaovuta juu huuchomoa kama jino. Dawa yake ni mkanda wa chuma, au waya mnene uliosokotwa mara kadhaa, ambao umezikwa katika zege la mkanda wa ukuta wakati linapomiminwa, ukapanda na kuikumbatia kenchi, kisha ukashuka upande wa pili. Bei ya mikanda hiyo kwa nyumba nzima ni ndogo kuliko bei ya mabati machache. Ajabu ni kwamba mwenye nyumba hukubali kulipa rangi ya ukutani lakini hubishana na fundi juu ya mikanda, kwa kuwa rangi huonekana.

Bati nalo lina taratibu zake. Misumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake. Katikati ya paa huweza kurukwa mgongo mmoja, lakini katika safu ya ukingo wa chini, safu ya kileleni na zile za pembeni, kila mgongo hupata msumari wake. Papi za kingoni husogezwa karibu karibu kuliko za katikati. Msumari wenye mwili uliosokotwa ni bora kuliko ule laini, na skurubu yenye kifuniko cha mpira ni bora kuliko yote. Asiye na skurubu na apitishe msumari mrefu hata ncha itokee upande wa pili wa papi, kisha aikunje.

Umbo la nyumba lina sauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Paa la mgongo wa tembo, lenye miteremko miwili na kuta mbili za pembe tatu mwishoni, hupokea upepo kifuani kupitia zile kuta za pembe tatu, ambazo mara nyingi ni matofali yasiyoshikwa na kitu. Paa lenye miteremko minne huugawa upepo pande zote. Mteremko ukilala sana, mnyonyo huzidi; kiasi cha nyuzi 30 ndicho kinachosifiwa na wahandisi. Upenu uwe mfupi, kwa sababu upenu mrefu ni kama mkono uliotolewa ili ushikwe. Na baraza, ambayo hatuwezi kuishi bila hiyo katika pwani yetu, na ijengewe paa lake peke yake, lililotengwa na paa la nyumba, ili upepo ukiichukua baraza usiichukue na nyumba. Nyumba ya fito na udongo haipaswi kudharauliwa hapa. Ikiwa nguzo zake zimezikwa chini sana, zikawekewa kipande cha mti cha kukatiza mwisho wake ili zisichomoke, na ikiwa kila pembe ina mihimili ya mshazari inayozuia nyumba isilale upande, huweza kusimama vema kuliko nyumba ya matofali yaliyojengwa kwa saruji ya kuhesabu. Watu wa visiwani wanaofunga boriti za mikoko kwa kamba wanaelewa jambo ambalo msumari mmoja haulielewi: kifungo kinachozunguka hushika pande zote.

Tunasema haya kwa sababu baada ya kila tufani misaada hufika, na mara nyingi misaada hiyo ni mabati. Kwa maoni yetu, mabati yasiyofuatana na mikanda, misumari ya kutosha na fundi aliyefundishwa ni msaada wa nusu, na katika tufani ifuatayo ni hatari. Msumbiji imelielewa hilo. Kwa ushirikiano na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, nchi hiyo ilianza kujenga madarasa ya shule yanayoweza kustahimili upepo na kuwa makimbilio ya kijiji, kwa hoja ya kwamba jengo moja imara katika kila kata huokoa watu wengi wasioweza kuimarisha nyumba zao wenyewe. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini makimbilio ni lazima watu wayaamini, na hapa tuna jambo la kuwaambia ndugu zetu wa Polisi.

Siku moja kabla ya kufika Mecúfi, yaani tarehe 14 Desemba 2024, Chido kilipita juu ya kisiwa cha Mayotte, kinachotawaliwa na Ufaransa, kikiwa na upepo uliovuma kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Katika kisiwa hicho karibu nyumba nne katika kila kumi zilikuwa za mabati. Vilima vizima vilivyojaa vibanda viligeuka kuwa lundo la vyuma. Makimbilio yalikuwa yamefunguliwa na tahadhari ilikuwa imetangazwa. Hata hivyo iliripotiwa kwamba wakazi wengi wasio na hati za kuishi, hasa waliotoka katika visiwa vya Komoro, walikataa kwenda, wakiogopa kwamba ule wito ulikuwa mtego wa polisi wa kuwakamata na kuwarudisha makwao. Wakabaki chini ya bati. Askari polisi hawakuwa wamefanya kosa lolote siku hiyo. Woga ule ulikuwa umejengwa katika siku nyingine zote za kabla yake. Afisa atakayepewa kazi ya kuhamisha watu wa mabondeni na ajiulize mapema ni nani katika eneo lake atakayemkimbia badala ya kumfuata, na ni mzee gani, au imamu, au mjumbe, anayeweza kutangulia mbele yake.

Hatupaswi kudhani kwamba Ruvuma ni ukuta. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa; Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mwezi Aprili mwaka 1952 Lindi ilipigwa. Mwezi Mei mwaka 2024 Hidaya kilifika Mafia, na ijapokuwa kilikuwa kimepungua nguvu, mvua zake ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Pepo hizi huja kwetu kwa nadra kwa sababu tufani huhitaji msukumo wa kuzunguka kwa dunia ili ijisokote, na msukumo huo hufifia kadiri tunavyokaribia Ikweta. Mtwara na Lindi ziko katika ukingo wa eneo hilo. Lakini nadra huleta hatari ya namna yake, maana wajenzi wa Mtwara hawajengi kwa kuufikiria upepo ambao babu zao waliuona mara moja.

Lipo pia jicho la tufani. Katikati ya tufani pana duara lenye utulivu, ambamo upepo hukoma, na nyota huweza kuonekana. Watu hutoka nje kutafuta watoto na mabati. Baada ya dakika chache, au zaidi ya nusu saa, upepo hurudi ghafla kwa nguvu ile ile, lakini kutoka upande wa pili, na nyumba iliyolegezwa upande mmoja huangushwa kutoka upande mwingine. Kamanda asipeleke kikosi cha uokoaji katika utulivu huo mpaka kituo cha hali ya hewa kimethibitisha kwamba tufani yote imepita. Na kitakapotoka, kitakuta njia zimejaa misumari na bati zilizopinda, na nyaya za umeme zimelala majini. Vyatu imara na magurudumu ya akiba huhitajika kabla ya bunduki.

Katika vijiji vya Msumbiji zipo kamati ndogo za wananchi ambazo hupokea taarifa kwa redio na kuisambaza kwa vipaza sauti, kwa baiskeli na kwa bendera. Rangi ya buluu maana yake tufani inaweza kufika kati ya saa 24 na 48 zijazo: ndio wakati wa kukaza mikanda, kuziba madirisha na kukata matawi yaliyo juu ya nyumba. Njano maana yake itafika katika muda usiozidi saa 24: wazee, wagonjwa na watoto huondolewa mabondeni, na mitumbwi huvutwa juu nchi kavu. Nyekundu maana yake zimebaki saa sita au pungufu, na kuanzia hapo hakuna anayetumwa nje tena, awe raia au askari.